"Tunaenda kuwa na mkutano": mnaenda wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Najitolea kuwatafsiria walimu wenzangu habari za Moodle, ile programu huria ya kufundishia mtandaoni. Nimeandika: "Jamii ya Moodle inaenda kuwa na mkutano mwezi ujao ambapo washiriki wanaenda kujifunza mambo ya toleo jipya." Mwenzangu anasema si "jamii", ni "jumuiya". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako. Maneno yote mawili yana mzizi mmoja wa Kiarabu, wa kukusanya, uliotupa pia jamaa na Ijumaa, lakini yamegawana kazi. Jamii unazaliwa ndani yake; jumuiya unajiunga nayo. Tangu Martin Dougiamas, mwanzilishi wa Moodle, atoe toleo la 1.0 huko Perth, Australia, mwaka 2002, watu wamejiunga na kazi ile kwa hiari: huyu anaandika msimbo wa programu, yule anaripoti hitilafu, wewe unatafsiri. Hiyo ni jumuiya.

Sasa, mwalimu wangu, tuje kwenye lile ambalo nyote wawili mmelipita bila kuliona: "inaenda kuwa na mkutano." Inaenda wapi?

Kwenda ni kutoka hapa kufika pale. Anayesema "naenda kuchota maji" ana ndoo mkononi, na baada ya muda atarudi nayo imejaa. Jambo lijalo lina kiambishi chake, -ta-, silabi moja tu: itakuwa, watajifunza. Ndugu zetu wa redio na televisheni wameona hiyo haitoshi. Waziri "anaenda kuzindua", mvua "inaenda kunyesha", timu "inaenda kufungwa". Ni "going to" ya Kiingereza iliyovishwa kanzu, nasi tumeikaribisha sebuleni.

Nitaambiwa lugha hukua, na kwamba hata hiyo -ta- wataalamu huieleza kuwa imetokana na kitenzi taka. Nakubali. Lakini taka ilipogeuka -ta- iliacha kutaka. Hakuna anayesikia "mvua itanyesha" akadhani mvua ina hamu. Kitenzi kwenda bado kinatembea.

Mwaka juzi niliombwa kusaidia mafunzo ya walimu kuhusu Moodle, yote ya mtandaoni. Tangazo, ambalo sikuliandika mimi, lilisema: "Jumamosi saa tatu asubuhi tunaenda kujifunza kutunga majaribio." Saa mbili na nusu simu yangu ikaita. Alikuwa mwalimu mmoja, amesimama nje ya lango la shule yake, kavaa suti, mkoba begani, nauli mfukoni.

"Shikamoo mzee. Gari linapita hapa saa ngapi?"

Nikaitikia marahaba, kisha nikakosa la kumwambia. Kompyuta ilikuwa nyumbani kwake. Alipoifikia, saa nzima ya kwanza ilikuwa imepita. Yule mwalimu hakukosea hata kidogo. Alisoma Kiswahili kama kilivyo. Aliyekosea ni mwandishi wa tangazo, na gharama akaibeba msomaji. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Ingekuwa kweli watu wanasafiri, lugha ina njia yake: "twende tukajifunze." Hiyo -ka- ndiyo inayobeba safari. Na jambo likiwa mlangoni, sema linakaribia, au li karibu kuanza.

Redioni nimechoka kupambana nalo. Mtu anayesema papo kwa papo, ulimi ukimtangulia, namwachia. Wewe unaandika; una nafasi ya kufuta. Tena Moodle hutoa matoleo makuu mawili kila mwaka, kwa hiyo matangazo yatakuwa mengi na walimu wengi watayasoma kupitia kalamu yako. Andika hivi: "Jumuiya ya Moodle itakutana mwezi ujao, na washiriki watajifunza mambo ya toleo jipya." Ile "ambapo" nimeitoa, haikuwa na kazi. Na kama mkutano ni wa mtandaoni, liandike neno hilo hapo hapo, kabla ya tarehe.