Morogoro hadi Iringa, pikipiki tano: shida yetu haikuwa cc

Mleta mada, umeuliza kama mkiwa watano au sita na pikipiki za injini ndogo, cc 150, mnaweza kutoka Dar mpaka Mbeya bila kuumbuka njiani. Wakuu wengi wamekujibu kwa habari za mashine: oili gani, tairi gani, sijui cc 150 haitoshi. Sina ugomvi nao. Ila sisi tumeipiga hiyo njia na cc zetu hizo hizo, na kilichotutesa ni nani alikaa mbele na nani alikaa nyuma. Nitakusimulia siku moja tu, ya pili, kutoka Morogoro hadi Iringa. Siku nyingine zilikuwa makalio kuuma na vumbi puani, hakuna jipya.

Tulikuwa pikipiki tano, watu sita. Fundi, ambaye ni fundi kweli, ana kibanda chake mjini. Mwalimu, mkubwa wetu, mtu wa miaka 50 na ushee, haendeshi kwa fujo na hapendi kelele. Shemeji kampakia mkewe, ambaye ni dada yangu. Dogo, ndiyo kwanza kapata leseni yake ya daraja A, na pikipiki inang'aa. Halafu mimi, niliyejiweka mbele kwa sababu safari nilikuwa nimeipanga mimi. Sababu ya kijinga, lakini wakati ule niliona ni haki yangu.

Asubuhi pale Morogoro, milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika ukungu. Tukanywa chai na vitumbua, Fundi akapita anakagua: upepo, breki, oili, cheni. Alikagua nne. Ya Dogo hakuigusa kwa sababu Dogo alisema, "Kaka, mimi nimefunga cheni mpya juzi tu, usijisumbue." Fundi akacheka, akaiacha. Baadaye alikuja kutuambia kwamba cheni mpya ndiyo ya kuiangalia zaidi, maana kilomita mia chache za mwanzo ndipo inapovutika na kulegea. Ya zamani imeshamaliza kuvutika, unajua tabia yake. Sasa kwa nini hakusema pale kwenye vitumbua, hilo mpaka leo hajanijibu.

Tukaondoka. Dogo akawa wa mwisho. Hakuna aliyempanga, ilitokea tu, kama kwenye foleni ya chakula shuleni mdogo anavyojikuta nyuma.

Mimi mbele nilikuwa na haraka, nikakaza mwendo mpaka tulipoingia Mikumi. Kwa ambaye hajapita: barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi, kama kilomita 50 hivi, na pikipiki zinapita humo kama magari. Kuna matuta, kuna kibao cha 70, na kuna bango la faini kwa kila mnyama utakayemgonga, bei zimepangwa kama menyu. Si mahali pa kusimama na kunyoosha miguu.

Tembo walikuwa kushoto, wanne, mmoja ameshaweka mguu kwenye lami. Malori yamesimama. Nikasimama nyuma ya semitrela moja iliyokuwa inaelekea Tunduma, moyo uko kooni. Dereva akachungulia dirishani, mzee wa makamo, akatuambia, "Wanangu, hamieni huku kulia kwangu, twendeni sambamba taratibu. Akikasirika ataanza na mimi." Tukapita hivyo, mwendo wa miguu, tumejificha nyuma ya lori kama vifaranga. Tembo hata hawakututazama.

Mbele kidogo nikahesabu. Pikipiki nne.

Hapo ndipo nilipojua maana ya kuongoza msafara. Sikujua tumemwacha wapi. Mwalimu alidhani yuko nyuma yake, kumbe kioo chake cha kulia kilikuwa kimelegea kinaonyesha mawingu. Simu ya Dogo haipatikani. Fundi akataka kugeuza, Mwalimu akamshika mkono: "Kule kuna tembo. Ukirudi peke yako tutakuwa na wawili wa kutafuta." Tukakubaliana tutoke kwanza hifadhini, tusimame Mikumi mjini, tuulize kila gari linalotokea nyuma. Dada yangu alikuwa kimya, na huyo akikaa kimya ujue mambo mazito.

Gari la tatu au la nne likasema kuna kijana amekwama na pikipiki. Nusu saa baadaye ikatokea pikapu ya watu waliokuwa wanakwenda Ilula kuchukua nyanya, imejaa matenga matupu, na katikati ya matenga amesimama Dogo, kashika usukani wa pikipiki yake, helmeti kichwani, kanyooka kama bwana harusi kwenye gari la wazi. Hatukuweza kujizuia kucheka. Yeye hakucheka. Cheni ilikuwa imechomoka ikabana kwenye sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, tairi ikagoma. Alipiga honi mpaka ikachoka. Halafu nyani wakaja, wakakaa pembeni wanamtazama anavyohangaika, na mmoja akaondoka na mfuko wa chapati. Wenye pikapu walikataa hela, wakakubali soda tu.

Fundi alitumia kama dakika arobaini na tano. Wakati anafunga, Mwalimu ndiye aliyepanga upya, kwa ule utulivu wake wa darasani. Huu mpangilio ndio jibu langu kwako, mleta mada. Mimi nikabaki mbele, lakini kwa mwendo wa pikipiki ya pili. Ya pili awe Shemeji, kwa sababu kabeba mtu na ndiye mzito kuliko wote. Wa tatu Dogo. Wa nne Mwalimu, na kioo kikazwe. Mkia ni wa Fundi, daima, maana mwenye spana akiwa mbele, anayeharibikiwa nyuma hana msaada. Na kila mtu ana kazi moja: aliye nyuma yako asipoonekana kwenye kioo, punguza, asipotokea, simama. Ukisimama wewe, wa mbele yako naye atakukosa, atasimama, mpaka inanifikia mimi. Hakuna haja ya simu.

Ruaha Mbuyuni joto lilitupokea kama mlango wa tanuri. Mibuyu, vitunguu kwenye magunia kando ya barabara, wali na samaki. Usishibe sana pale, nakuonya, kwa sababu mbele ni mlima wa Kitonga.

Kabla ya kupanda tukagawana mizigo upya. Dada akahamia kwangu, mabegi yao yakaenda kwa Fundi. Shemeji alipowasha tu, pikipiki ikaondoka kama imefunguliwa kamba. Dada akaniambia sikioni, "Kumbe mzigo nilikuwa mimi." Sikujibu, na wewe usijibu swali kama hilo.

Kitonga yenyewe haitishi kama watu wanavyosema, ila haitaki haraka. Malori yanapanda kwa mwendo wa kobe, moshi usoni, yanayoshuka yananuka breki. Sisi gia ya pili, ya kwanza kwenye kona kali. Kishawishi cha kuovateki ni kikubwa, na kona hazikuonyeshi kinachoshuka. Cha kuogopa zaidi ni dizeli. Matangi yakijazwa mpaka mdomoni humwagika kwenye kona, lami inang'aa kama imenyeshewa na mvua. Nikiiona nilikuwa nanyoosha mguu wa kushoto, wote wanajua: punguza, usiguse breki ya mbele. Mara tatu nilinyoosha. Hakuna aliyeteleza.

Baada ya Ilula baridi ikaanza, na majaketi bila shaka yalikuwa chini kabisa ya mabegi. Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500, hewa ni nyepesi, na pikipiki zetu za kabureta zilishaanza kuvuta pumzi kwa shida. Tukaingia karibu saa 12 jioni, kilomita 300 na kitu zimekula siku nzima. Mafuta hayakuwa tatizo, yangu ilinipa kama kilomita 40 kwa lita pamoja na mzigo. Sheli ziko kila mji.

Usiku tumeshalala gesti, nikasikia chuma kinagonga chuma uani. Nikachungulia. Dogo alikuwa amechuchumaa, tochi ya simu mdomoni, spana ya Fundi mkononi, anakaza cheni. Dirisha la pili likafunguka, dada yangu akasema, "We mtoto, usije ukaikata."