Jasho lisilokauka

Mmeuliza joto hili la kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini mashariki, tunafanyaje mazoezi bila kujiumiza. Mimi niko Amu, yani mji wa Lamu, ngoja niwaambie nilivyokosea.

Januari moja nilirudi nyumbani baada ya miezi kumi Nairobi, na huko kwenye baridi nilikuwa nakimbia kila asubuhi, nikajiona nimeiva. Siku ya pili tu nikatoka saa tatu asubuhi, mjini hadi kijiji cha Shela na kurudi, kama kilomita 6 hivi, spidi ile ile ya Nairobi. Kwenda nilijiona niko poa kumbe ndio naharibikiwa, upepo unanisukuma kwa nyuma, yani tunaenda sawa mimi nao kwa hiyo hata hewa hainigusi, fulana imelowa chapachapa na jasho linachuruzika mpaka viatuni. Na jasho la kuchuruzika halikupozi, linalopoza ni lile linalokauka mwilini, sasa huku pwani hewa yenyewe imejaa unyevu litakauka saa ngapi? Kurudi, karibu na nyumbani, kichwa kikaanza kuzunguka halafu nikasikia baridi, malaika yamenisimama mikononi na jua lote lile! Ukiona hivyo simama hapo hapo, usiseme namalizia kidogo.

Ami yangu alikuwa barazani. "We mwana, kaa chini." Hakuuliza kitu. Akanivua fulana, akachota maji birikani, lile tangi la nyumbani, kwa kata akanimwagia kichwani, shingoni, kwapani, kisha akawa ananipepea na upepeo wa ukili, ule wa kupepelea mkaa wa kuchomea samaki, nikanuka samaki mpaka jioni lol. Baadae ndio nikajua tiba ni hiyo hiyo, maji na upepo.

Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto, kwa hiyo sasa nikitoka bara naanza kwa kutembea. Natoka nikishaswali alfajiri na saa moja niko nyumbani nakunywa chai. Kwenda Shela na upepo mgongoni napunguza spidi, na ufukweni nangoja maji yatoke mchanga uwe mgumu, ule laini unakuchosha bure. Ramadhani natembea tu lile saa la mwisho kabla ya magharibi, ili nikimaliza nafuturu.

Dafu tamu lakini chumvi yake kidogo, ukitoka jasho jingi changanya maji lita 1, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai. Ila mtu akianza kupayuka au hajui yuko wapi, msimnyweshe kitu, mwagieni maji mwili mzima mkipepea huku mnamkimbiza hospitali.

Na nyinyi mnaojifunga nailoni tumboni eti mafuta yayeyuke, yanayotoka pale ni maji tu, ukinywa jagi moja kilo zako zimerudi.