Jibu: Kipimo cha sumaku na mkono wa mzee unaotetemeka

Ndugu yangu wa Newala, pole kwa mzee. Umeuliza kama kile kipimo cha sumaku kichwani, kiitwacho TMS, kitathibitisha kuwa mzee ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo, ili uuze korosho umsafirishe. Usiuze kwa ajili hiyo. Kipimo hicho, alichokianzisha Anthony Barker na wenzake huko Sheffield mwaka 1985, hupitisha mapigo ya sumaku kwenye fuvu hadi ubongoni bila kupasua. Kidole kinaruka, watafiti wanapima msuli umeitika vipi. Kinafundisha mengi, lakini majibu ya wagonjwa na wazima huingiliana mno, hivyo hakiwezi kusema nani ana ugonjwa. Parkinson huitambua daktari kwa kumchunguza mtu: mwendo mzito, viungo kukakamaa, mkono kutetemeka ukiwa umetulia. Anzeni hospitali ya Ligula, Mtwara, na mbebe dawa zake zote, maana baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili huleta dalili hizohizo.