Mifano ya zamani kwenye ripo: futa, usiibadilishe jina

Mkuu, umeuliza kama ile folda ya mifano ya Python 2 (toleo la zamani la lugha hii ya programu) iliyo kwenye ripo, yaani hifadhi ya msimbo, uifute au uipe jina "zamani" uiache palepale. Mimi ningefuta. Python 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, na faili yenye print isiyo na mabano Python 3 inaikataa kabla haijaendesha hata mstari mmoja.

Wengi huona ni kufagia tu, kwamba folda haimdhuru mtu. Inadhuru. Mgeni akifungua ripo hasomi msimbo mkuu. Anakimbilia mifano, ananakili, anabandika. Kwenye timu moja niliyofanyia kazi hapa Nairobi tulikuwa na maktaba ya kupokea malipo ya M-Pesa, na mifano ya toleo la kwanza ilikuwa imeandikwa USITUMIE juu kabisa kwa herufi kubwa. Kila kijana wa mafunzo aliyeingia aliitumia. Nani husoma maandishi ya juu, jamani?

Hofu ya "je, tukiihitaji tena?" haina msingi, maana Git, programu inayotunza historia ya msimbo, haisahau. Weka tagi kwanza, yaani jina la kudumu kwenye hali ya msimbo ilivyo sasa:

git tag mifano-ya-zamani
git push origin mifano-ya-zamani

Huo mstari wa pili usiuruke, tagi haiendi yenyewe kwenye seva ukisukuma tawi (mkondo wa kazi) peke yake. Kisha git rm -r mifano. Atakayeitaka siku moja ataandika git checkout mifano-ya-zamani -- mifano, na itarudi yote.

Ila kabla ya kufuta, piga git grep "mifano" uone nani anaitegemea. README (faili ya maelezo ya mradi) ni rahisi kurekebisha. Shida ni majaribio, yaani msimbo unaokagua msimbo mwingine: sisi tulikuta moja limeazima fanksheni kutoka ndani ya mfano, na hakuna aliyekuwa akijua.

Halafu kagua funguo za siri za kuingilia huduma. Mifano ya malipo ndiko watu husahau funguo na nywila za kweli. Ukizikuta, kufuta faili hakusaidii, bado zimo kwenye historia. Nenda kwa mtoa huduma uzibatilishe kwanza; kusafisha historia kwa git filter-repo kunaweza kungoja, kwani nakala tayari ziko kwenye kompyuta za watu.

Baada ya hapo bakiza mfano mmoja tu, mfupi, uendeshwe pamoja na majaribio kila mtu anaposukuma msimbo. Ukivunjika, mtajua siku hiyohiyo.