Unataka kuwa dereva wa m-mama? Soma hapa kwanza

Juzi kijana mmoja wa Nyehunge ameniandikia. Amenunua Probox, anataka kujiunga na madereva wa jamii wa m-mama, mpango wa kuwawahisha hospitali wajawazito na watoto wachanga wakati wa dharura, ananiuliza aanzie wapi. Nimefurahi sana, kwa sababu nilipoanza mimi, mtaani walisema nakimbilia hela za wazungu. Maneno yale bado yananiuma.

Watu wasahau yote, lakini hili wasilisahau: mpango huu ulianzia kwetu. Vodafone Foundation na Touch Foundation waliujaribu Sengerema na Buchosa kuanzia 2013, ukaenda Shinyanga, na Aprili 2022 Rais Samia akauzindua nchi nzima. Leo mama akizidiwa, nyumbani au zahanati wanapiga 115 bure. Gari la wagonjwa likiwa mbali, anapigiwa dereva aliye karibu, na nauli inaingia kwa M-Pesa mgonjwa akishapokelewa. Zamani mume alikuwa anagonga milango usiku kutafuta mwenye gari, kisha wanaanza kupatana bei huku mkewe anavuja damu.

Na ukipewa rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, kulikuwa na ziwa la kuvuka kwa kivuko. Usiku mmoja nilikwama Busisi, kivuko kiko ng'ambo, Kigongo, taa zake tunaziona. Mama yuko kiti cha nyuma, mkwewe amemfunika khanga mbili na anamwita jina lake kila mara asilale. Niliwasha gari, nikazima, nikawasha tena. Hakuna ufundi wa usukani unaokusaidia hapo. Tulivuka, akajifungua salama, na mtoto sasa anasoma. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kila nikipita juu yake namkumbuka yule mkwe.

Sasa kijana wangu, jaza mafuta jioni, usingoje simu ndiyo utafute sheli. Simu iwe na chaji. Tandika mpira kiti cha nyuma. Pombe achana nayo kabisa, hata siku unayodhani hutaitwa. Usiiombe familia hata shilingi, wala soda. Na mafuta, narudia, jaza jioni! Kama unachotafuta ni utajiri, kabebe abiria wa Mwanza, kazi hii waachie wenye huruma.

Ukishalitafakari hilo, nenda kwa Mganga Mkuu wa halmashauri yenu ukaulizie usajili. Beba leseni, kadi ya gari na bima.