Gari jipya kwa mkopo au lililotumika kwa akiba? Jibu kwa Mama Watatu wa Goba

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto watatu, naishi Goba, Dar es Salaam, na mume wangu pamoja na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Tumeweka akiba ya shilingi milioni 28 kwa ajili ya gari la familia lililoinuka kiasi, kwa sababu njia ya kuingia kwetu ni ya mawe na makorongo. Mume wangu, ambaye ni mtumishi wa umma, anataka gari jipya la milioni 88, na benki imekubali kumkopesha milioni 60 kwa miaka mitano kwa riba ya asilimia 15. Mimi nataka lililotumika. Desemba iliyopita gari letu la zamani lilituharibikia usiku karibu na Korogwe tukielekea Moshi, na tangu hapo hataki kusikia habari ya gari la mtumba. Wiki ya tatu sasa hatuzungumzi zaidi ya salamu. Jirani anauza gari lake la mwaka 2008 kwa milioni 19. Je, nilinunue tumalize ubishi? – Mama Watatu, Goba.*

Marahaba, mwanangu. Nianze na jirani, kwa sababu hilo ndilo la haraka. Usilinunue gari lake. Sisemi kwamba ni bovu, kwani sijaliona. Nasema kwamba milioni 19 ni sehemu kubwa ya akiba ya watu wawili, na gari litakaloingia uani bila mume wako kushirikishwa litabeba lawama kila siku. Hata pancha ya msumari itakuwa ushahidi dhidi yako.

Katika barua yako, ambayo hapa nimeifupisha, umeandika kurasa mbili kuhusu fedha na mistari michache tu kuhusu Korogwe. Mimi nimeirudia hiyo mistari michache mara nyingi zaidi. Bomba la juu la rejeta lilipasuka, maji yakaisha, injini ikachemka, mkasimama kando ya barabara saa nne usiku. Watoto walikuwa wanalia, na mume wako alimkalisha mama yake juu ya begi la nguo, naye akasimama nyuma ya gari akimulika kwa tochi ya simu ili malori yawaone. Baba aliyesimama namna hiyo mbele ya mama yake na watoto wake, akiingia kwenye duka la magari mapya na kuambiwa kuwa kuna dhamana ya miaka mitatu au kilomita laki moja, anasikia kwamba usiku ule hautarudi tena. Anatafuta uhakika. Wewe unamjibu kwa habari za bei, naye hakuanza na bei, ndiyo maana mnapishana.

Lakini ni haki pia aambiwe kilichotokea. Mpira wa bomba la rejeta huzeeka kwa joto na kwa miaka. Hukauka, ukaanza kupata nyufa ndogo karibu na kilipo kibano, na fundi akiuminya kwa vidole injini ikiwa imepoa anahisi ama umekuwa mgumu au umelegea. Umeandika mwenyewe kwamba mlizoea kuongeza maji ya bomba badala ya maji maalumu ya kupozea injini, na maji ya kawaida huleta kutu ndani ya rejeta. Gari hilo lilikuwa halijafanyiwa matunzo, na hilo ni kosa linaloweza kulifikia gari lolote, hata lililonunuliwa jipya, likishatimiza miaka kadhaa.

Sasa tuje kwenye mkopo. Milioni 60 kwa riba ya asilimia 15 inayokokotolewa juu ya deni linalobaki, kwa miezi 60, ni rejesho la takriban shilingi 1,427,000 kila mwezi. Mkimaliza mtakuwa mmeilipa benki karibu milioni 85.6, na mkiongeza akiba yenu, gari la milioni 88 litakuwa limewatoa zaidi ya milioni 113. Ulizeni pia riba hiyo ni ya namna gani, maana ikiwa inakokotolewa juu ya deni lote la mwanzo kila mwaka, rejesho hufika 1,750,000 kwa mwezi. Mume wako, kama mtumishi wa umma, anajua kanuni ya kubakiwa na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato; naomba mkae meza moja, muandike hiyo theluthi ni shilingi ngapi, kisha muondoe ada za Januari, chakula, dawa za magoti ya bibi na mafuta ya gari lenyewe. Benki nyingi hudai pia gari la mkopo likatiwe bima kubwa kwa muda wote wa deni, na bima hiyo hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari. Gari jipya lina faida zake za kweli: historia yake inaanza na nyinyi, na dhamana inawalinda ili mradi mnalipeleka kwenye huduma kwa wakati mahali wanapotaka. Kama mngekuwa na milioni 70 mkononi ningekaa upande wake bila kusita. Kwa milioni 28, mkopo huu utaigeuza hofu ya njiani kuwa hofu ya kila tarehe ya mshahara, tena gari jipya hushuka thamani haraka zaidi katika miaka yake ya mwanzo, wakati deni bado ni kubwa. Ushauri wangu ni lililotumika, lakini linunuliwe kwa utaratibu utakaompa mume wako uhakika anaoutafuta.

Kuna njia mbili, kuagiza kutoka Japani au kununua la mkononi hapa nchini. Anayeagiza hukosea akitazama bei ya mtandaoni peke yake, kwa sababu TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, hutumia thamani iliyomo kwenye mfumo wake wa magari yaliyotumika, na umri una adhabu yake. Gari dogo la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30, juu ya ule wa injini ambao ni asilimia 5 kwa injini yenye ukubwa wa zaidi ya sisi (cc) 1000 hadi 2000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Chukua mfano wa gari la sisi 1990 ambalo thamani yake ya forodha ni milioni 20. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 5, na ushuru wa bidhaa hukokotolewa juu ya hiyo milioni 25. Likiwa limezidi miaka 10, nyongeza ya umri ni milioni 7.5, na kwa kuwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 huja baadaye juu ya jumla, umri peke yake unakuwa umewatoa milioni 8.85. Gari kuukuu lenye bei ya kuvutia linaweza kufika nyumbani kwa gharama ya gari la umri mdogo. Viwango hupitiwa kila bajeti, kwa hiyo ingizeni mwaka, aina na ukubwa wa injini kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hata senti. Kwa fungu lenu naona la mkononi ndilo linalowezekana kwa utulivu, kwa sababu ushuru wake ulishalipwa na mnaweza kulikagua kwa mikono yenu. Tafuteni la mmiliki mmoja, mwenye risiti za huduma, kwa bei isiyozidi milioni 24, na milioni 4 zibaki. Nitasema ni za nini.

Kuhusu aina, nitasema ninavyoona. Toyota RAV4 ya sisi 2000 ndiyo ningeitafuta kwanza, kwa sababu kila fundi anaijua, vipuri vyake vinapatikana Kariakoo na Ilala, na siku mkitaka kuiuza mnunuzi hakosekani. Ndugu yake, Toyota Vanguard, ina matoleo ya viti saba yanayovutia familia kama yenu, lakini injini yake ya sisi 2400 katika magari mengi ya miaka ile inajulikana kwa kula oili kwa sababu ya pete za pistoni, kwa hiyo vuteni kijiti cha oili kabla ya lolote. Nissan X-Trail ina buti pana na mara nyingi bei nafuu zaidi. Tatizo ni gia oto yake ya CVT, yaani ile isiyo na hatua za gia, ambayo inataka oili ya aina yake na huharibika upesi ikiwekewa nyingine. Iwasheni asubuhi ikiwa baridi, mpande nayo mlima wa Goba, na ikitetemeka au kuvuma isivyo kawaida, rudisheni ufunguo. Subaru Forester ndiyo inayopita vizuri zaidi kwenye makorongo, kwani kati ya ardhi na tumbo lake kuna nafasi ya sentimita 22 hivi, lakini injini yake ya kulala inahitaji fundi anayeielewa. Mazda CX-5 ya petroli ni nzuri. Ya dizeli siwashauri, kwa sababu chujio lake la moshi linahitaji mwendo mrefu wa kasi ili lijisafishe, na gari linaloshinda kwenye foleni ya Goba hadi Posta halipati nafasi hiyo. Jambo jingine: mengi kati ya magari haya yaliuzwa Japani katika matoleo mawili, la kuvuta matairi manne na la kuvuta ya mbele tu, na kwa nje hufanana. Lazeni macho chini ya gari muone kama kuna shafti inayokwenda nyuma.

Ukaguzi ndio moyo wa shughuli hii. Mwaka mmoja nilikwenda kwenye yadi moja hapa mjini kumtazamia binti yangu gari, likiwa linang'aa, viti vinanukia manukato. Nilikaa kiti cha nyuma, nikauvuta mkanda wa usalama taratibu hadi mwisho wake, na ule upande ambao kwa kawaida hukaa umejikunja ndani ukatoka na mstari mwembamba wa tope lililokauka. Gari lile lilikuwa limezama kwenye maji hadi usawa wa kiti, na muuzaji alikuwa ametuhakikishia kwamba lilikuwa la bibi kizee aliyekwenda nalo kanisani tu. Tangu siku hiyo navuta mikanda yote, nainua zulia la buti mahali linapolala tairi la akiba nikitafuta kutu, na natazama vichwa vya bolti za boneti na milango, kwani rangi iliyochubuka hapo inaonyesha kwamba zilifunguliwa, pengine baada ya ajali. Kama gari liliingia nchini miaka ya karibuni, ombeni karatasi yake ya mnada kutoka Japani. Daraja la 4 ni zuri, 3.5 si baya, na herufi R au RA zina maana ya kwamba liliwahi kutengenezwa baada ya ajali. Linganisheni kilomita za karatasi hiyo na za dashibodi. Tairi nazo zina umri: tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT husema wiki na mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Na hili naomba msilipuuze kwa sababu ya watoto. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyofungwa katika magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na mengine mengi, ina kemikali ambayo joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu, na katika ajali kifaa chake kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva na abiria wa mbele. Hali ya hewa ya pwani yetu ni ya joto na unyevu mwaka mzima. Mamilioni ya magari yaliitwa yabadilishiwe, lakini lililoondoka Japani kabla ya kubadilishiwa limekuja nalo hilo tatizo. Chukueni namba ya chesisi, muiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji ya Japani inayoonyesha magari yaliyoitwa, na jibu likionyesha kazi haijafanyika, muulizeni wakala wa kampuni hiyo hapa nchini kabla ya kulipa.

Zile milioni 4 ni za mwezi wa kwanza. Badilisheni oili ya injini na ya gia, mabomba yote ya rejeta, thamostati, maji ya kupozea, mikanda, breki na betri, na tairi kama zimezeeka, bila kungoja kiharibike kitu. Fungueni daftari, kila kazi iandikwe tarehe na kilomita, na daftari hilo alishike mume wako. Kadi ya gari ibadilishwe jina wiki hiyo hiyo, isije ikabaki ya mtu mwingine.

Usimpelekee hesabu zangu leo usiku. Mwambie kwanza kwamba unaikumbuka Korogwe, kwamba ulimwona amesimama na ile tochi, na kwamba hukuwahi kumshukuru. Mpe nafasi aseme alichohofia. Hesabu ziwekeni mezani kesho yake, yeye mwenyewe aandike tarakimu. Mkikubaliana, muwaache watoto nyumbani, mwende Jumamosi asubuhi pamoja na fundi ambaye hakuletwa na muuzaji, na mama mkwe awepo. Apande kiti cha nyuma na kushuka mara mbili bila kushikwa mkono, na mtazame anavyokunja goti kwenye kizingiti cha mlango. Gari atakalolipanda kwa raha ndilo mlikague hadi mwisho.

Shangazi