Barua ya Romeo ilikwama wapi? Na maswali mengine ya wasomaji

Safari hii meseji nyingi zimekuja kuhusu barua zilizomo ndani ya vitabu, nimechagua tatu, nyingine toleo lijalo.

Shikamoo dada. Sisi ni kidato cha tano hapa Kondoa, tumebishana sana darasani. Wenzangu wanasema Romeo na Juliet wangekuwa na simu wasingekufa, mimi nasema wangekufa tu. Nani yuko sahihi?

Marahaba mdogo wangu. Mi niko upande wako. Kwenye tamthilia hiyo ya Shakespeare, wengi wanakumbuka tu kwamba barua haikufika, hawakumbuki ilikwama wapi. Padri Laurence alimpa Juliet dawa ya kumlaza saa 42 aonekane amekufa, alafu akamwandikia Romeo, mumewe wa siri, ambaye kafukuzwa mji yuko Mantua, aje amchukue akiamka. Barua akampa mtawa mwenzake, John. Sasa huyu John kabla ya safari akaenda kumtafuta mtawa mwingine waongozane, akamkuta anahudumia wagonjwa, wakaguzi wa mji wakahisi nyumba ile ina tauni wakapiga milango kufuli na wao wako humohumo ndani. Karantini kabisa! Hata mtu wa kuirudisha barua kwa padri alikosekana, kila mtu anaogopa kuambukizwa.

Wakati huohuo Balthasar, mtumishi wa Romeo, kaona kwa macho yake Juliet anazikwa, kapanda farasi mbio mpaka Mantua. Habari isiyo ya kweli ndo ikafika kwanza, na aliyeileta hakuwa na nia mbaya. Hapo Romeo anamuuliza, hujaniletea barua kutoka kwa padri? Anaongea mengine, anauliza tena. Mara mbili! Maana yake anajua kabisa kuna neno la padri linatakiwa kuja, lakini hasubiri, anaenda kununua sumu. Ndo maana nasema simu isingetosha, sababu taarifa ya msiba ingemkuta kwenye grupu la ukoo hata kabla padri hajapata mtandao. Wenzako wana pointi yao lakini, padri angeweza kumpigia, hilo siwezi kuwanyima.

Alafu kuna barua nyingine mnaisahau, ile Romeo aliyomwandikia baba yake. Hiyo haikukwama njiani, ila ilichukuliwa ikasomwa na mtawala wa mji makaburini pale, Romeo keshakufa. Iangalieni vizuri, ndo inayothibitisha kwamba padri hakudanganya alipojieleza kwa mtawala.

Habari dada, mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Ipagala. Juzi kwenye begi la binti yangu wa kidato cha tatu nimekuta barua ya mvulana, imekunjwa ndogooo ndani ya daftari la bailojia. Baba yake hajajua na ni mkali. Wewe unasoma sana vitabu, nimwonyeshe?

Dada yangu, pole, najua hata usingizi hupati. Mi nakuomba usimwonyeshe kwanza, kaa na binti wewe mwenyewe.

Nakwambia hivi sababu ya Rosa. Kama ulisoma Rosa Mistika ya Kezilahabi (ilitoka 1971, yeye mwenyewe mtu wa Ukerewe na stori iko hukohuko) utakumbuka Charles anamwandikia Rosa barua ya mapenzi, Zakaria baba yake anaikamata, anampiga yule mtoto kipigo kibaya sana. Kwa karatasi aliyoandikiwa, si hata aliyoandika yeye! Na baada ya hapo hakuna mtu anayekaa naye kumweleza chochote kuhusu wavulana, anaogopeshwa tu, sasa siku anatoka nje ya mkono wa baba hana anachokijua, na mwishowe anajiua. Mi kila nikisoma ile sehemu ya kipigo nasimama kidogo, sababu mama yupo, wadogo zake wapo, na bado yule binti yuko peke yake.

Kwenye Hamlet, nayo ya Shakespeare, baba hapigi, anafanya kingine ambacho kwangu ni kibaya vilevile. Ophelia kwa utii tu anampa baba yake barua ya mpenzi wake Hamlet, mzee Polonius anaibeba mpaka kwa mfalme na malkia anaisoma kwa sauti, tena anasimama katikati anakosoa maneno, hili neno baya hili. Fikiria barua yako ya kwanza inasomwa hivyo mbele ya wakubwa. Alafu anamtumia bintiye kama chambo, yeye na mfalme wamejificha wanasikiliza.

Na Mabepari wa Venisi, ya Shakespeare hiyohiyo aliyotafsiri Mwalimu Nyerere, 1969, Jessica, binti wa mkopesha pesa Shylock, anampa mtumishi barua ampelekee mpenzi wake Lorenzo kwa siri, na kwake mwenyewe anapaita jehanamu. Baba anakuja kushtuka binti hayupo, dhahabu haipo.

Kwahiyo leo jioni mkiwa mnachambua mboga, mwambie umeiona. Usijifanye hujaiona, atajua tu. Muulize huyo kijana ni nani, yeye anajisikiaje, na umsikilize mpaka amalize hata kama moyo unakuchemka. Ila hapa nakuwa mkali: kama aliyeandika ni mtu mzima, au kuna hela, zawadi, vitisho, hiyo si ya kuficha tena, baba ajue, mwalimu ajue, ustawi wa jamii wajue. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela. Kama ni mwanafunzi mwenzake wa rika lake, baba naye ataambiwa, ila na wewe, taratibu, ukishajua kinachoendelea.

Mambo dada, kijana wa Mpwapwa hapa. Nimemweleza dada mmoja hisia zangu kanikataa na maneno makali juu, ananituhumu vitu vingine sijafanya. Nimwandikie barua ndefu au ndo kujidhalilisha?

Poa mdogo wangu. Inategemea umeandika nini. Kwenye Pride and Prejudice ya Jane Austen, 1813, Darcy anamposa Elizabeth, msichana hajafika hata miaka 21, anakataliwa na anatuhumiwa kweli. Asubuhi yake anamsubiri kwenye njia anayotembelea, anampa barua mkononi, anaondoka. Na sentensi ya kwanza kabisa anamtoa wasiwasi kwamba hajaja kurudia maombi ya jana. Alafu anajibu tuhuma mbili tu. Kuna kosa lake analikiri, kuna lisilo lake analieleza mpaka anatoa siri ya mdogo wake wa miaka 15, na hadai jibu. Elizabeth anaisoma kwa hasira, anairudia mstari kwa mstari, anatembea masaa mawili nayo kichwani.

Yako ikiwa na "nipe nafasi nyingine" popote pale, usiipeleke. Ikiwa ni tuhuma tu unazijibu, andika mara moja, mpe, na usimfuate kwa meseji kuuliza kasoma au la, na akisema hataki kuipokea unarudi nayo nyumbani. Ya Darcy iko sura ya 35, isome kwanza kabla hujashika kalamu.